Ikulu: Neno la Bara Ndani ya Nyumba ya Gavana

Utangulizi

Mwalimu yeyote wa Kiswahili hapa Uganda amewahi kukutana na jambo hili katika karatasi za tafsiri. Mwanafunzi anapewa habari ya gazeti inayotaja "State House", naye anasita. Wapo wanaoandika Nyumba ya Serikali. Wapo wanaoandika Kasri la Rais. Wapo pia wanaoandika "Ikulu la Rais", kwa kudhani kwamba neno hilo hufuata ngeli ya jumba. Sisi walimu huchukua kalamu nyekundu tukaandika pembeni: Ikulu ya Rais. Tukiulizwa sababu, wengi wetu hujibu kwamba ndivyo wanavyosema Watanzania, na mjadala huishia hapo.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kirefu kidogo. Tutaangalia neno lenyewe limetoka wapi, kisha tuingie katika historia ya nyumba iliyolibeba kwanza, yaani Ikulu ya Dar es Salaam, na mila zilizojengeka ndani yake. Hatimaye tutawatazama majirani, sisi wenyewe tukiwemo. Hoja yetu ni moja: neno ikulu ni zaidi ya tafsiri ya jina la Kiingereza. Limebeba dai kuhusu nyumba ile ni ya nani, na dai hilo wananchi wamelitumia mara nyingi kuwahoji waliomo ndani.

Asili ya neno

Ikulu ni neno la bara. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, ikulu ni makao ya mtemi, yaani mtawala wa jadi. Shina lake ni -kulu, lenye maana ya ukubwa, ukuu au uzee, nalo linapatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Mwanafunzi wa Uganda hahitaji kwenda mbali kuliona. Katika Luganda tunasema omukulu, na Kiswahili kinasema mkuu. Shina ni lilelile, ila Kiswahili kimeidondosha sauti /l/ iliyokuwa katikati ya irabu.

Udondoshaji huo si wa neno moja tu. Tazama jozi hizi za Luganda na Kiswahili: enjala na njaa, okuzaala na kuzaa, okugulu na mguu, waggulu na juu. Katika maneno mengi ya asili ya Kibantu, mahali ambapo Luganda, Kinyamwezi na jamaa zao wana /l/, Kiswahili cha pwani kimebaki na irabu mbili zinazofuatana. Kwa hiyo, kama neno letu lingezaliwa na kukulia pwani, tungetarajia liwe na umbo la "ikuu". Ile /l/ iliyobaki ni kama muhuri wa safari unaoonyesha kwamba neno limeingia likitoka bara, likiwa limekwisha kukomaa huko.

Njia lililopitia tunaweza kuikisia. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyokwenda Ujiji, Karagwe na hata Buganda. Karibu na Tabora palikuwa na makao ya mtemi wa Unyanyembe, na wasafiri wa wakati huo, akiwemo Stanley aliyepita mwaka 1871, walipataja kwa jina la Kwikuru. Jina hilo ni neno letu hilihili likiwa na kiambishi cha mahali, yaani kwenye ikulu. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyokipa Kiswahili neno mnyapara. Wanyampala wa Unyamwezi walikuwa wazee na washauri wa mtemi na viongozi wa misafara, lakini neno lao likaja kumaanisha msimamizi wa vibarua. Maneno mawili yametoka nyumba moja ya utawala: moja limeshuka hadi shambani na jingine limepanda hadi kwa Rais.

Ama kuhusu matumizi, kuna mambo mawili ya kuwaeleza wanafunzi. Kwanza, katika Kiswahili neno hili limewekwa katika ngeli ya I-ZI: ikulu hii, ikulu hizi, Ikulu ya Rais. Pili, halihitaji kiambishi -ni. Husemwa "Rais yuko Ikulu" au "wajumbe wamekwenda Ikulu", kama tusemavyo yuko Kampala au wamekwenda Mbarara. Kwa tabia hiyo, ikulu linafanana na jina la mahali kuliko jina la jengo. Mtemi alipohama, ikulu ilihama naye. Kilichofanya mahali paitwe ikulu ni kazi iliyofanyika pale: kusikiliza mashauri, kupokea wageni, kuwakusanya wazee. Kuta zilikuja baadaye.

Nyumba ya Magogoni

Sasa tuiangalie nyumba. Ikulu ya Dar es Salaam iko upande wa Magogoni, karibu na mlango wa bandari, si mbali na kivuko cha Kigamboni na soko la samaki. Ndiyo maana waandishi wa habari wa Tanzania husema "Magogoni" wakimaanisha Ikulu.

Mahali hapo hapakuanza na Rais wala na mtemi. Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, wakajenga kasri la gavana likitazama bahari. Kutoka huko ndiko ilikotawaliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani: kodi ya kibanda, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na hatimaye kukandamizwa kwa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwafrika wa kawaida alilijua kasri lile kwa amri zilizotoka humo, si kwa kuingia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga mwishoni mwa mwaka 1914, na kasri la gavana likaharibiwa vibaya. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Walipokabidhiwa nchi baada ya vita, walijenga upya pale pale, na nyumba tunayoijua leo ilikamilika mwaka 1922, enzi za Gavana Horace Byatt. Mchoraji wake alikuwa J. H. Sinclair, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyetumikia Unguja kwa miaka mingi na kupata kuwa Balozi Mkazi wa Uingereza huko. Sinclair alipenda kuchanganya matao na kuta nyeupe za majumba ya Kiarabu na mpango wa nyumba ya Kizungu. Ukilitazama jengo la makumbusho la Beit el Amani kule Unguja, kisha ukaitazama Ikulu ya Dar es Salaam, utaona mkono ni mmoja. Hata Ikulu ya Zanzibar ya leo ilikuwa nyumba ya Balozi Mkazi wa Uingereza, nayo ni kazi yake.

Tunapata basi jambo la kutafakari. Nyumba ya Magogoni imejengwa juu ya msingi wa Wajerumani, kwa mchoro wa Mwingereza, kwa sura ya Kiarabu, na inaitwa kwa neno la Kinyamwezi. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi historia ya Afrika Mashariki katika jengo moja, mpeleke pale.

Watemi waliondoka, ikulu ikabaki

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini nyumba haikubadilisha mkazi siku ile. Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi, na Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana, alibaki kwa cheo cha Gavana Mkuu. Ni pale nchi ilipokuwa jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza, na nyumba ya gavana ikawa nyumba ya Rais.

Wakati huohuo lilitokea jambo lenye kinaya ambalo wanahistoria wa lugha hawana budi kulitazama. Mwaka 1963 serikali mpya ilifuta mamlaka ya watemi na machifu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na Waziri wa Sheria katika baraza la kwanza la uhuru alikuwa Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Watawala wa jadi wakawekwa kando ili nchi iwe na mamlaka moja. Lakini neno la nyumba yao halikufutwa. Lilichukuliwa likapewa jamhuri. Ni kana kwamba taifa lilisema: ukuu wa kurithi hatuutaki, ila mahali pa kuleta mashauri tunapahitaji.

Aidha, Mwalimu mwenyewe hakuifanya Ikulu kuwa makazi yake ya kudumu. Alifanya kazi Ikulu na kuishi katika nyumba yake ya Msasani. Yeye aliifanya ofisi na uwanja wa kupokelea watu. Tofauti hiyo ilisaidia kukita mizizi wazo kwamba Ikulu ni mali ya kazi na si mali ya mtu.

Mila zilizojengeka

Nyumba ikikaliwa kwa miaka mingi huzaa mila. Mabalozi wapya hukabidhi hati zao za utambulisho Ikulu. Mawaziri, majaji na viongozi wengine huapishwa Ikulu, tena kwa Kiswahili. Mwezi wa Ramadhani Rais hufuturisha watu wa makundi mbalimbali, na wakati wa Idi na Krismasi zawadi za vyakula hupelekwa kutoka Ikulu kwenda katika vituo vya yatima na wazee. Taarifa za Ikulu kwa vyombo vya habari hutolewa kwa Kiswahili, na mwalimu anayetafuta mifano ya Kiswahili rasmi cha serikali hapati hazina bora kuliko hiyo.

Kuna pia tausi. Ndege hao wa bustani ya Ikulu wamekuwa alama yake kiasi kwamba mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwazawadia marais wastaafu tausi, pamoja na Mama Maria Nyerere. Zawadi hiyo ilizungumzwa sana. Wengine waliifurahia kama utani wa baba mwenye nyumba. Sisi tunaiona kama ushahidi kwamba Tanzania ina jambo ambalo si kila nchi inalo: marais wastaafu wa kutosha kugawiwa tausi.

Lakini mila iliyo nzito kuliko zote ni ya maneno. Mwaka 1995, wakati vyama vilipokuwa vikitafuta wagombea wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Mwalimu Nyerere, akiwa amestaafu kwa miaka 10, aliwakumbusha Watanzania kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, wala haipaswi kugeuzwa pango la walanguzi. Akawataka wamwogope mtu anayetumia fedha ili aingie Ikulu: fedha hizo amezipata wapi, na kama amekopeshwa atazirudishaje? Tangu hapo hakuna uchaguzi Tanzania ambao maneno hayo hayakurudiwa.

Tujiulize kilugha: kwa nini maneno yale yaliweza kusikika? Nyumba ya Serikali haiwezi kuwa mahali patakatifu, kwa kuwa jina lenyewe linamaanisha ofisi tu. Kasri nalo ni mahali pa anasa, na mwenye kasri ni mwenye mali. Ikulu, kwa masikio ya watu wa bara, tayari lilikuwa na heshima na miiko. Mwalimu hakubuni utakatifu wa Ikulu, bali aliuokota ndani ya neno.

Mlango wa Ikulu

Kama ikulu ni mahali pa mashauri, kipimo chake ni mlango: nani huingia, na huingia vipi. Historia ya Magogoni ina siku za kila namna. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa jeshi la Tanganyika waliasi, na Mwalimu pamoja na Rashidi Kawawa walilazimika kuondoka Ikulu kabla waasi hawajafika. Tarehe 22 Oktoba 1966 walioingia walikuwa wanafunzi wapatao 400 wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa pamoja na Makerere na Nairobi chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walikuja wakiwa na majoho yao kupinga masharti ya kulitumikia jeshi la kujenga taifa. Rais aliwapokea, akawasikiliza, kisha akakasirika na kuwafukuza chuoni warudi makwao. Lakini siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamegusia mishahara ya wakubwa. Mtu anaweza kuilaumu adhabu ile, na wengi waliilaumu. Hata hivyo, malalamiko yalifika mlangoni, na jibu likamgusa hata mwenye nyumba.

Kwa majirani

Nairobi ina nyumba ya gavana iliyojengwa mwaka 1907. Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 1964, jina likabadilika kutoka "Government House" kuwa "State House", na kwa Kiingereza limebaki hivyo hadi leo. Mzee Jomo Kenyatta aliitumia mchana, na usiku akarejea nyumbani kwake Gatundu. Waandishi wa Kiswahili wa Kenya nao wamelichukua neno la Kitanzania: husoma gazeti ukakuta Ikulu ya Nairobi, na hata Ikulu Ndogo kwa nyumba za Rais zilizo nje ya mji mkuu.

Kenya imetupa pia funzo kuhusu mlango. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, muda mfupi baada ya matokeo ya uchaguzi uliogombaniwa kutangazwa, Rais Mwai Kibaki aliapishwa ndani ya viwanja vya Ikulu mbele ya watu wachache. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000. Wakenya walipoandika Katiba mpya ya mwaka 2010, ibara ya 141 iliamuru kwamba Rais mteule ataapishwa hadharani. Tanzania nayo, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 uliogubikwa na machafuko na vifo, Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 3 Novemba mjini Dodoma bila ule umati wa wananchi uliozoeleka viwanjani. Kiapo kikifungiwa ndani, neno ikulu hupoteza nusu ya maana yake.

Na sisi Uganda? Waingereza walihamishia makao yao Entebbe mwaka 1893. Jina la mji ni la Luganda, entebe, yaani kiti, nalo hukumbusha viti vya Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba aliyeketi pale kuamua mashauri. Maana yake hata kwetu nyumba ya gavana ilijengwa mahali ambapo tayari palikuwa na jina la kazi ileile. Lakini jina la Kiingereza likashika, na nyumba ya Entebbe ikabaki "State House". Aidha, rais wetu wa kwanza, Mutesa II, alikuwa pia Kabaka mwenye Lubiri lake Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia Lubiri, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na makao ya wafalme yakageuzwa kambi ya askari. Tanzania iliwaondoa watemi ikalitunza neno lao. Sisi tuliivunja nyumba, na falme zikarudi mwaka 1993 zikiwa na kumbukumbu ya jeraha. Tangu uhuru wa 1962, hajatokea rais wa Uganda aliyemaliza muda wake akamkabidhi nyumba rais mwingine aliyechaguliwa. Mwanafunzi anayejifunza neno ikulu kwetu hujifunza pia swali ambalo bado linasubiri jibu.

Chamwino

Simulizi ya Magogoni haijaisha. Mwaka 1973 Tanzania iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, na Chamwino, ambako Mwalimu alishiriki kazi za kijiji cha ujamaa, pakateuliwa kuwa mahali pa Ikulu. Uamuzi ulingoja karibu nusu karne. Rais Magufuli alihamia Dodoma Oktoba 2019, akaweka jiwe la msingi la Ikulu mpya tarehe 30 Mei 2020, na Rais Samia akaizindua tarehe 20 Mei 2023. Imejengwa na Watanzania wenyewe, nayo inafanana sana na ile ya Magogoni, kwa matao yake na weupe wake. Sura aliyoichora Sinclair kwa ajili ya gavana imekuwa, kwa macho ya wananchi, ndiyo sura ya Ikulu. Tusishangae sana. Jengo nalo, kama neno, likikaa kwa watu muda mrefu huwa lao.

Hitimisho

Leo neno ikulu limevuka mipaka. Redio za kimataifa husema Ikulu ya Marekani, Ikulu ya Ufaransa, Ikulu ya Urusi, na msikilizaji wa Bujumbura au Goma haulizi maana. Neno la makao ya mtemi karibu na Tabora limewaingiza ndani marais wa dunia.

Kwa walimu wenzangu, hasa sasa ambapo serikali yetu iliamua mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, napendekeza mambo matatu. Kwanza, tunaposahihisha "Ikulu la Rais", tueleze ngeli pamoja na asili. Pili, tutumie shina -kulu kuwaonyesha wanafunzi kwamba Kiswahili ni ndugu wa lugha zao za nyumbani, si mgeni aliyetoka ng'ambo. Tatu, tuwape zoezi la kuandika: katika lugha yako ya kwanza, makao ya mtawala huitwaje, na nani aliruhusiwa kuingia bila kuitwa? Majibu ya Mganda, Mnyoro, Mwacholi na Mgisu hayatafanana, na darasa litakuwa limepata mada ya wiki nzima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikulu kongwe ya bara ilijengwa juu ya imani hiyo, kwamba anayebisha hodi ana jambo, na mwenye kiti yupo ili alisikilize. Tukiwafundisha wanafunzi wetu maana hiyo, siku watakapoandika neno ikulu watajua wameandika nini, na siku watakapopiga kura watajua wanamtafutia nani makazi.